Likizo Cefalù, Sisilia: mwongozo kamili kuanzia viza hadi siku ya kurudi

Ukiwa na wiki moja tu ya likizo na unataka kuiona Bahari ya Mediterania, chagua mji mmoja mdogo ukae hapo hapo. Ile safari ya Roma siku mbili, Venezia siku moja, Milano siku moja humaliza pesa kwenye treni na mahoteli, na mtu hurudi nyumbani akikumbuka kuburuta masanduku kuliko anavyoikumbuka bahari. Mji ninaoupendekeza ni Cefalù (tamka Chefalú, mkazo mwishoni), ulio pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Sisilia, nchini Italia, kama kilomita 70 mashariki ya Palermo.

Sababu zangu ni tatu. Ufukwe wa mchanga umeungana na mji wa kale, kwa hiyo unatoka chumbani na taulo begani na huhitaji gari. Stesheni ya treni iko mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka katikati ya mji. Na juu ya paa za nyumba kuna kanisa kuu la mwaka 1131 ambalo, kwa maoni yangu, peke yake linatosha kumvusha mtu bahari. Mji wenyewe umebanwa kati ya maji na jabali kubwa la mawe liitwalo La Rocca, lenye urefu wa mita 270 hivi. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapotea hapa: nyumba zimekaribiana, nguo zinaanikwa juu vibarazani, na kila kichochoro cha upande wa magharibi mwishowe kinakutoa baharini.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Kosa kubwa kuliko yote ni kwenda Agosti kwa sababu tu watoto wamefunga shule. Agosti Waitaliano wenyewe wako likizo, na kilele chake ni sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15. Ufukweni hupati pa kutandika kanga, bei za vyumba zinaweza kufika mara mbili ya zile za Mei, na treni kutoka Palermo zinajaa vijana wanaokuja kuoga na kurudi jioni. Ukilazimika kwenda mwezi huo, basi nenda mwanzoni, maana kuanzia tarehe 2 hadi 6 mji huwa na sikukuu ya San Salvatore, msimamizi wake. Siku ya mwisho kuna mchezo wa kienyeji uitwao 'Ntinna a mari. Mlingoti mrefu hulazwa juu ya maji pale bandari ya zamani, ukapakwa vitu vya kuteleza, na vijana hukimbia juu yake mmoja mmoja wakijaribu kuishika bendera iliyo kwenye ncha. Wengi huishia majini, na mji mzima hushangilia.

Miezi mizuri ni Juni na Septemba. Juni siku ni ndefu kiasi cha kumshangaza mtu wa Ikweta: jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo unaweza kuoga baharini, kurudi kubadili nguo na kwenda kula kabla giza halijaingia. Septemba bahari imeshapashwa na jua la kiangazi kizima, maji huwa karibu nyuzi 25, na umati umepungua. Mei kuna maua na bei nafuu, lakini maji yako nyuzi 18 au 19. Aliyekulia Bahari ya Hindi ataingia akatoka. Kuanzia Oktoba mvua hurudi, na kati ya Novemba na Machi migahawa mingi ya ufukweni hufungwa kabisa.

Hatua ya pili: viza, na ianze mapema

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja. Sheria inakuruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usikaribie ule mwisho. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15 tangu maombi yapokelewe, lakini unaweza kufika siku 45, na kupata miadi yenyewe ya kupeleka karatasi kunaweza kuchukua wiki kadhaa msimu wa kiangazi unapokaribia. Kwa safari ya Septemba, mimi ningeanza kutafuta miadi mwezi wa Aprili.

Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kwa safari hii ni Italia. Usidanganyike na anayekuambia upitie ubalozi wa nchi nyingine kwa sababu "ndiko rahisi". Ukikamatwa na viza ya nchi usiyokwenda, hata kuingia unaweza kunyimwa. Anayeishi Muscat, Dubai au London kwa kibali cha ukaazi huomba huko huko anakoishi, bila kurudi nyumbani.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Viza ikikataliwa ada hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen.

Karatasi zinazopima maombi yako kweli kweli ni zile zinazoonyesha kwamba utarudi na kwamba pesa ni zako. Barua ya mwajiri itaje cheo, mshahara, na tarehe za likizo iliyoidhinishwa. Mfanyabiashara apeleke cheti cha usajili, leseni na risiti za kodi. Taarifa ya benki ionyeshe pesa zinazoingia na kutoka kwa mwendo wa kawaida wa maisha. Milioni kadhaa zilizomwagwa kwenye akaunti wiki moja kabla ya miadi humtia shaka afisa yeyote, na ana haki ya kushuku. Kama kuna anayekuchangia, kaka au shangazi aliye Ulaya, sema hivyo waziwazi na uweke barua yake pamoja na taarifa zake za benki. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya mzazi wa pili.

Ubalozi unataka kuona mpango wa ndege. Weka nafasi inayoweza kufutwa, na usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijabandikwa. Hoteli vivyo hivyo, chukua ile inayoruhusu kufuta bure.

Hatua ya tatu: kufika

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Palermo, kwa hiyo njia ya kawaida ni kupitia Roma. Ethiopian huunganisha Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, Entebbe, Kigali na Bujumbura na Roma kupitia Addis Ababa, na mashirika ya Ghuba hupitia Doha au Dubai. Turkish hupitia Istanbul na lina ndege za Catania, upande wa mashariki wa Sisilia, ila kutoka huko hadi Cefalù kuna safari ya saa kadhaa za treni au basi.

Roma ukiwa njiani ndipo unapopita uhamiaji. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa mpakani ambapo mgeni hupigwa picha na rekodi yake kuingia kwenye kompyuta badala ya kugongewa muhuri, na foleni zinaweza kuwa ndefu. Kama tiketi ya kwenda Palermo ni ya shirika jingine, jipe saa nne kati ya ndege na ndege. Ukikosa ya pili hapo, hasara ni yako.

Kutoka Roma una njia mbili. Ya kwanza ni ndege, saa moja na dakika chache, hadi uwanja wa Palermo, wenye jina la Falcone na Borsellino, majaji wawili waliouawa na mafia mwaka 1992. Uwanja uko kama kilomita 35 magharibi ya Palermo. Chini yake kuna treni inayokufikisha Palermo Centrale kwa muda wa saa moja hivi, na hapo unabadili kuingia ya Cefalù, ambayo huchukua dakika 45 hadi saa moja. Kila tiketi ni chini ya euro 10. Kaa upande wa kushoto, maana ndiko bahari iliko.

Njia ya pili ni treni ya usiku kutoka Roma Termini, nami naipenda zaidi kwa aliye na muda. Unalala kwenye behewa la vitanda. Alfajiri treni inafika Villa San Giovanni, kwenye ncha ya Italia bara, na mabehewa yenyewe yanakatwa vipande na kusukumwa ndani ya tumbo la feri. Abiria unaruhusiwa kushuka na kupanda sitahani, ukavuka mlango bahari wa Messina na upepo usoni, kisha unarudi kitandani mwako na treni inaungwa tena. Hapo inashika pwani ya kaskazini ya Sisilia kuelekea Palermo, na Cefalù iko njiani. Hakikisha tu kwamba treni unayoikata ni ya Palermo, maana mara nyingi treni hiyo hugawanywa Messina na nusu yake huenda Siracusa.

Kuhusu tiketi za treni ndogo za mkoa, ukinunua ya karatasi, igonge kwenye mashine iliyo stesheni kabla ya kupanda. Ukinunua kwa simu, thibitisha safari kwenye simu kabla ya kupanda. Faini haiangalii ugeni. Ubao wa stesheni unaandika saa za mzunguko wa 24, basi 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Italia inabaki nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja kiangazi na saa mbili majira ya baridi. Tena, ulizia kama kuna mgomo, yaani sciopero. Migomo ya treni Italia hutangazwa mapema, na hata siku hiyo treni za mkoa zina saa zinazolindwa siku za kazi: saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Panga safari ya uwanja wa ndege ndani ya saa hizo.

Gari usikodi. Mji wa kale una eneo ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi, kamera zinapiga picha namba, na faini itakufuata kupitia kampuni ya kukodisha ukiwa umesharudi Mombasa.

Hatua ya nne: pa kulala

Kuna sehemu tatu. Mji wa kale ndio wenye uhai, lakini nyumba ni za ghorofa bila lifti, ngazi ni nyembamba, na chumba kilicho juu ya mgahawa kitakunyima usingizi hadi saa sita usiku. Barabara ya ufukweni, Lungomare, ina vyumba vipana na lifti, na mji wa kale uko dakika chache kwa miguu. Caldura, upande wa mashariki nyuma ya jabali, ni kutulivu na maji yake ya mawe ni mazuri kwa miwani ya kuogelea, ila kila ukitaka mkate ni safari. Wazee na watoto wadogo wakae Lungomare. Wenzi wawili wenye magoti mazima wakae mji wa kale, wakichagua chumba kinachotazama bahari au ua wa ndani.

Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kuna kiyoyozi, na ni ghorofa ya ngapi. Halafu tazama tangazo lina namba inayoanza na IT, iitwayo CIN. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha watalii Italia inatakiwa kuwa nayo na kuionyesha. Tangazo lisilo nayo liache, hata bei ikivutia namna gani.

Mwenye nyumba ataomba pasipoti, na ni halali, kwa sababu sheria inamtaka apeleke majina ya wageni polisi. Utatozwa pia kodi ya mji kwa kila usiku, euro chache kwa kila mtu, mara nyingi taslimu. Ukilala kwa ndugu badala ya hoteli, yeye ndiye anayetakiwa kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48. Mkumbushe.

Hatua ya tano: siku zenyewe

Siku ya kwanza usipange kitu. Tembea jioni kwenye Corso Ruggero, mtaa mkuu, mpaka ufike Piazza del Duomo, ukae kwenye ngazi. Saa hizo familia nzima hutoka kutembea polepole, bibi kashikwa mkono na mjukuu, na hakuna mwenye haraka.

Kesho yake panda La Rocca, na upande asubuhi tu. Njia huanzia Salita Saraceni, pembeni ya Corso Ruggero, na geti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Kiingilio ni euro chache. Ukifika saa tano kiangazi, jiwe linachemka na kivuli hakipo. Vaa viatu vya kufunga, si ndala, na beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Nusu saa inakufikisha kwenye Hekalu la Diana, jengo la mawe makubwa mno la karne ya tano au ya nne kabla ya Kristo, lililojengwa kuzunguka kisima cha zamani kuliko lenyewe. Wengi huishia hapo. Wewe endelea nusu saa nyingine hadi kwenye magofu ya ngome kileleni. Ukirudi chini kidogo, kuna mahali kwenye kuta unapouona mji wote kwa pamoja: minara miwili ya kanisa, paa za vigae, na mkono wa mchanga unaopinda kuelekea magharibi. Siku ya mvua au upepo mkali geti hufungwa, kwa hiyo usiliache jambo hili hadi siku ya mwisho.

Kanisa kuu lilianzishwa na Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia mwaka 1131. Watu wa Cefalù husimulia kwamba alinusurika dhoruba baharini akaweka nadhiri. Alitaka kuzikwa humo na akaleta majeneza mawili ya jiwe jekundu, lakini baadaye mjukuu wake, Frederick wa Pili, aliyahamishia Palermo. Kilichobaki ndicho bora zaidi. Simama katikati ya kanisa, tazama mbele juu. Kristo amechorwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu, kazi ya mwaka 1148, akijaza kuba nzima ya madhabahu. Mkono wa kulia unabariki. Wa kushoto umeshika kitabu kilicho wazi, ukurasa mmoja Kigiriki na wa pili Kilatini, wenye maneno ya Yohana 8:12, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Sogea taratibu utaona nyuzi mbili za nywele zilizomwangukia kwenye paji la uso, na ule uso hauna ukali wa hakimu. Nenda asubuhi, kabla ya makundi ya watalii. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja kwenye mkoba inatosha kwa kanisani, ufukweni, na baridi ya treni.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa pwani yetu asiliache. Mfalme huyu huyu alikuwa na mwanajiografia Mwislamu katika kasri lake la Palermo, al-Idrisi, aliyemtengenezea ramani ya dunia na maelezo yake, kazi iliyokamilika mwaka 1154. Ndani yake kuna nchi ya Zanj, na Malindi na Mombasa zimetajwa. Kwa hiyo wakati mafundi wanapanga vile vipande vya dhahabu, pwani ya Waswahili ilikuwa inaandikwa mwendo wa siku moja kutoka hapo. Mimi nikisimama chini ya kuba ile hilo ndilo ninaloliwaza.

Kutoka uwanja wa kanisa ni hatua chache hadi Makumbusho ya Mandralisca, nyumba iliyoachiwa mji na mwungwana wa karne ya 19, Enrico Piraino. Watu huja kwa picha ya mtu asiyejulikana anayetabasamu, iliyochorwa na Antonello da Messina, nayo inastahili. Lakini usitoke bila kukiona chombo kimoja cha udongo cha Kigiriki, cha karne ya nne kabla ya Kristo. Muuza samaki ameinamia gogo, kisu kikubwa mkononi, anakata jodari. Mbele yake mteja, mzee, amenyoosha mkono wenye sarafu. Ukitazama sura zao unajua kwamba hawajakubaliana bei. Anayekwenda soko la feri Dar es Salaam atawatambua wote wawili.

Mtaa wa Vittorio Emanuele una dobi la zamani, Lavatoio. Unashuka ngazi za jiwe na hewa inabadilika ghafla kuwa baridi. Maji ya mto unaopita chini ya mji yanatoka kwenye midomo 22 ya chuma, 15 kati yake vichwa vya simba, na kuingia kwenye mabeseni ya mawe ambako wanawake walifulia vizazi kwa vizazi. Hakuna kiingilio.

Ufukwe una sehemu mbili. Karibu na mji wa kale ni bure, unatandika popote. Mbele zaidi ni za kulipia, zenye miavuli na vitanda, na bei hupanda kadiri unavyokaribia maji na kadiri Agosti inavyokaribia. Maji ni ya kina kifupi kwa mbali, salama kwa mtoto anayejifunza. Kwa sisi tuliozoea kupanga siku kwa maji kupwa na kujaa, hapa hesabu hiyo haipo. Tofauti haifiki nusu mita, unaoga saa yoyote. Unachoangalia ni upepo. Mji umeelekea kaskazini, na upepo wa kaskazini-magharibi huinua mawimbi. Bendera nyekundu ikipandishwa, usiingie.

Katika wiki, toa siku mbili za kutoka. Moja iwe Palermo kwa treni ya asubuhi. Anzia Cappella Palatina, kanisa la kasri la Roger, lenye dari ya mbao iliyochorwa na mafundi wa Kiislamu na kuandikwa Kiarabu, kisha uende soko la Ballarò. Nyingine iwe Castelbuono, mji wa milimani kwa basi, wenye ngome ya karne ya 14. Vijijini humo bado wapo wakulima wanaochanja miti ya mfraksi kiangazi na kukusanya utomvu mtamu uitwao manna. Maduka ya mji huuza.

Hatua ya sita: kula

Migahawa hufunga jiko kati ya saa tisa mchana na saa moja jioni. Ukijua hilo hutalala njaa wala hutaishia kwenye chakula kibovu cha watalii. Mchana kula mikononi: pane e panelle, mkate wenye bajia bapa za unga wa dengu, au arancina, donge la wali lililokaangwa. Usiku kaa mezani. Kuna pasta con le sarde, ya dagaa wa baharini, shamari mwitu, zabibu kavu na mbegu za msonobari, na kuna caponata ya bilingani yenye uchachu na utamu pamoja. Nduaro wa kuchoma ni wa kuaminika karibu kila mahali.

Samaki mzima huandikwa bei kwa etto, yaani gramu 100. Ukiona euro 6 ukadhani ni sahani, utaletewa bili ya euro 50. Omba apimwe mbele yako kabla hajapikwa, na uambiwe jumla. Bili pia ina coperto, euro mbili au tatu kwa kila mtu kwa ajili ya meza na mkate. Ni kawaida, si wizi. Bakshishi si lazima. Kahawa ukinywa umesimama kaunta huwa nafuu kuliko ukiketi uwanjani.

Kwa Mwislamu, mji una samaki wa kutosha, na mgeni anaweza kula vizuri wiki nzima bila nyama. Tatizo limejificha kwenye vitamu. Ganda la cannolo kwa desturi hutiwa divai ya marsala na kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, strutto, na mikate ya brioche mingi ina mafuta hayo hayo. Arancina iitwayo al burro huwa na nyama ya nguruwe. Uliza "C'è strutto?" na "C'è vino?", watu hujibu kwa upole. Granita ya lozi, limau au forosadi ni barafu, sukari na tunda, na ndiyo kifungua kinywa changu ninachokipenda huko. Nyama ya halali itafute Palermo, mitaa ya Ballarò, ambako Watunisia na Wabangladeshi wana maduka.

Pesa, simu na mengineyo

Ukiacha ndege na viza, wenzi wawili Juni au Septemba watenge euro 180 hadi 220 kwa siku wote wawili: chumba, chakula, treni na viingilio. Anayepika mwenyewe atapunguza vizuri. Beba adapta ya umeme, plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii huko. Laini ya simu inauzwa kwa pasipoti. Dharura zote ni namba 112, na duka la dawa lina msalaba wa kijani.

Ukinunua vitu vya zaidi ya euro 70 kwenye duka moja, na unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, omba fomu ya kurudishiwa kodi. Muhuri au uthibitisho wake unapatikana kwa forodha, uwanja wa ndege, unapotoka Ulaya. Fanya hivyo kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe.